Mpira wa sinki umepasuka, nyumba imeloa, bima wanasema ni uvujaji wa siku nyingi. Naombeni ushauri kabla sijasaini

Mama Wawili

Wakuu habari zenu. Nimekuwa msomaji tu humu, leo nalazimika kuandika maana muda unanikimbia.

Jumanne ya wiki iliyopita nilirudi kazini jioni. Nikiwa bado natafuta ufunguo mlangoni nikasikia sauti ya maji, kama mtu anaoga. Kufungua mlango, maji yamejaa mpaka juu ya vidole vya miguu, yametoka jikoni, yamepita koridoni, yameingia chumba cha watoto. Ule mpira unaopeleka maji kwenye bomba la sinki, wenye wavu wa waya kwa nje, ulikuwa umepasuka karibu na nati na maji yanaruka ndani ya kabati. Kibaya zaidi sikujua koki kuu iko wapi. Nimeishi kwenye nyumba hii miaka 6 na sijawahi kuuliza. Jirani ndiye aliyekwenda kufunga kwenye mita, na hapo dakika 20 zilishapita.

Makabati ya jikoni yamevimba. Sakafu ya mbao chumbani imenyanyuka, ukiikanyaga inabonyea. Godoro, vitabu vya watoto, zulia, vyote vimekwisha. Jirani wa chini dari lake limetoka madoa makubwa.

Nina bima ya jengo na ya vitu vya ndani, nalipa bila kukosa mwaka wa nne sasa. Niliwapigia asubuhi iliyofuata. Mkadiria hasara akaja siku ya tatu, akakaa kama robo saa, akapiga picha doa la kahawia lililo kwenye sakafu ya kabati chini ya sinki. Jana nimepokea barua: maji yamevuja polepole kwa muda mrefu, na uharibifu wa taratibu haumo kwenye mkataba. Wako tayari kulipa kiasi kidogo kwa vitu vya ndani tu, na wameambatanisha hati ya kusaini iliyoandikwa "malipo kamili na ya mwisho". Nimepewa siku 7.

Nisaini nichukue hicho kidogo? Naruhusiwa kuanza kung'oa mbao zilizoloa, au nisubiri? Na dari la jirani ni mzigo wangu? Nitashukuru sana.

Kijukuu

Pole sana dada. Usisaini chochote leo.

Fundi Bomba

Pole dada yangu. Kabla ya yote nijibu hili: ule mpira uliopasuka uko wapi? Kama fundi aliyebadilisha ameutupa, mtafute usiku huuhuu aurudishe. Ndio shahidi wako mkubwa.

Nikueleze ulivyo. Ndani kuna mpira laini, nje kuna wavu wa waya. Mpira peke yake hauwezi kubeba presha ya maji ya bomba, unaobeba ni wavu. Waya zikianza kukatika kwa kutu, mpira unatokeza kama uvimbe, halafu siku moja unafumuka wote kwa mara moja. Mara nyingi huanzia pale karibu na nati, na kinacholeta kutu ni dawa za kusafishia zenye klorini ambazo watu wengi tunaziweka humo humo chini ya sinki. Mvuke wake unakula waya hata kama zimeandikwa hazishiki kutu.

Kwa hiyo kaa nao chini ya taa. Ukiona mpasuko mmoja mrefu wenye kingo safi, na waya zimefunguka kuelekea nje, hiyo ni dalili kubwa ya kufumuka ghafla. Ukiona chumvi nyeupe au kijani imeganda kuzunguka nati, huo ulikuwa unatokwa jasho siku nyingi, na nisingependa kukudanganya kwamba hilo halitakuumiza.

Halafu lile doa. Liko upande gani wa kabati? Chini ya sinki kuna mabomba ya maji safi yanayoingia na bomba la maji machafu linalotoka. Usikubali doa lizungumziwe bila kuulizwa limetoka wapi.

Mjanja wa Mji

Waambie kabati lilikuwa jipya, doa limetokea siku hiyohiyo. Na kwenye orodha ongeza televisheni na laptopu, wao wenyewe wanakata nusu kila mara.

Nimekaa Madai

Dada, tafadhali usifuate ushauri wa hapo juu. Nimefanya kazi kwenye idara ya madai ya bima miaka 9. Kitu kimoja cha uongo kwenye orodha kinaipa kampuni haki ya kukataa dai lote, hata sehemu iliyokuwa ya kweli, na mikataba mingi inalisema hilo waziwazi. Nimeona mtu mwenye hasara halali kabisa akikosa kila kitu kwa sababu ya risiti moja ya kughushi. Iliniuma sana, kwa sababu angelipwa.

Sasa kwenye hoja yako. Bima za nyumba kwa kawaida zinalipa maji yaliyotoka ghafla na bila kutarajiwa. Hazilipi uchakavu, wala maji yaliyodondoka miezi na mwenye nyumba akanyamaza. Mafuriko ya kutoka nje nayo mara nyingi hayamo, mpaka uyalipie pembeni. Kesi yako yote imesimama kwenye neno hilo moja, ghafla.

Watu wengi huchanganya kitu kilichoharibika na madhara yake. Mpira wenyewe ulizeeka, kwa hiyo huenda wasikulipe gharama ya mpira mpya. Lakini sakafu, makabati na godoro havikuharibiwa na uzee, vimeharibiwa na maji ya jioni moja. Soma kifungu chako vizuri, mara nyingi kinatenganisha hivyo.

Waandikie barua, usipige simu. Omba mambo mawili: nakala ya ripoti kamili ya mkadiria hasara, na namba ya kifungu wanachokitegemea kukukatalia. Kisha eleza kwa nini hukubaliani na uombe ukaguzi wa pili. Unaweza pia kuleta mkadiria wako wa kujitegemea, ila gharama utabeba mwenyewe, kwa hiyo pima na ukubwa wa hasara. Kampuni ikishikilia msimamo, pitia dawati lao la malalamiko kwanza upate jibu la maandishi, ndipo uende kwa msuluhishi wa migogoro ya bima au mamlaka inayosimamia bima nchini mwako. Bila lile jibu la maandishi huko mara nyingi wanakurudisha.

Kuhusu hati: "malipo kamili na ya mwisho" maana yake umefunga mlango. Kama una shida ya pesa, waombe wakulipe sehemu wasiyoibishia, huku barua ikisema umepokea bila kupoteza haki ya kudai kilichobaki. Wengine hukubali. Siku 7 walizokupa ni zao, uliza kwa maandishi zimetoka kwenye kifungu kipi.

Na uangalie thamani uliyoikatia bima. Kama nyumba kuijenga upya ni milioni 100 na wewe uliandika milioni 50, mikataba mingi itakulipa nusu tu ya hasara, hata kama hasara yenyewe ni milioni 10. Hapo watu huona wameonewa, kumbe ni kifungu walichokisaini.

Wa Ghorofa ya Chini

Mimi nilikuwa upande wa jirani yako, maji yalinishukia kutoka juu. Mwambie aangalie kama dari limefanya tumbo. Langu lilishuka taratibu usiku kucha, tukadhani limekauka, asubuhi likaanguka lote juu ya kitanda ambacho kwa bahati hakuna aliyekuwa amelalia. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo tatu juu ya dari ni mzigo wa mtu mzima. Azime umeme wa chumba hicho, aweke ndoo, atoboe tundu dogo kwa bisibisi pale palipobinuka, akiwa amesimama pembeni.

Na kama swichi kuu imezungukwa na maji asiiguse kabisa, aite mtu wa umeme.

Nimekaa Madai

Naongezea hapo kwa jirani. Mpe pole, msaidie kuhamisha vitu, ila usimwandikie kwamba utalipa. Mikataba mingi inakukataza kukiri kosa bila kampuni kujua. Jirani adai kwenye bima yake kama anayo, na kampuni yake ndiyo itakayoamua kama inakufuata wewe. Kwa kawaida ili uwajibike lazima ionekane ulizembea, kwa mfano aliwahi kukuambia kuna maji yanadondoka ukapuuza. Angalia pia kama bima yako ina kipengele cha madhara kwa watu wengine, wengi wanacho na hawajui.

Binti Sakafu

Jamani, mbona hakuna aliyemjibu la mbao? Kazi yangu ni sakafu. Dada, imeshapita wiki! Kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye kitu kilicholoa. Mkataba wako karibu hakika unakutaka uzuie hasara isiongezeke, kwa hiyo kukaa unasubiri kunaweza kutumika dhidi yako.

Piga picha kila chumba kwanza kutoka mlangoni, kisha karibu, na uweke rula ukutani kuonyesha alama ya maji ilipofikia. Ng'oa mbao zilizobonyea, na usizitupe zote. Hifadhi vipande viwili vitatu, uandike kwa kalamu vimetoka chumba gani. Godoro lipeleke nje lakini libaki hadi wakuandikie kwamba limeshaonwa. Fungua madirisha, elekeza feni sakafuni na siyo juu. Ondoa ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, maana nyuma yake ndiko maji yanakojificha.

Usipake rangi wala kurudisha mbao mpaka ukuta ukauke kweli. Bandika karatasi ya nailoni ukutani, uzibe kingo zote kwa tepu, uiache siku nzima. Ikilowa upande wa ukutani, ukuta bado una maji. Na weka risiti zote, hata za kukodi mashine ya kukausha, zinaingia kwenye dai.

Mama Wawili

Nimerudi na mrejesho, na nashukuru kila mtu kutoka moyoni.

Mpira upo! Fundi alikuwa ameuacha kwenye mfuko wa takataka pale barazani. Nimeukagua na tochi. Una mpasuko wa urefu wa kama kidole gumba, waya zimefumuka kuelekea nje, na kwenye nati hakuna chumvi wala ukijani, pakavu na pasafi.

Na doa, Fundi Bomba, Mungu akubariki. Mpira ulikuwa upande wa kulia. Doa liko kushoto, la duara, chini kabisa ya ile kona ya bomba la maji machafu. Mwaka juzi ile kona iliwahi kudondosha, nikaitengeneza, na meseji za fundi wa wakati ule bado ninazo na tarehe zake. Ni maji mengine kabisa! Na doa lenyewe ni dogo kuliko sahani, wakati mbao za chumba cha watoto ziko mita 5 kutoka hapo.

Nimeandika barua, nimeambatanisha picha 14, meseji zile, na picha ya kabati lote ikionyesha kulia na kushoto. Nimeomba ripoti na namba ya kifungu kama alivyoshauri Nimekaa Madai. Leo wamejibu: watamtuma mtu mwingine Alhamisi, na hati ile wamesema nisubiri. Mbao tumeanza kung'oa jana, chini yake pananuka unyevu ila kuvu bado ni kidogo.

Nimekaa Madai

Vizuri sana. Alhamisi uwepo mwenyewe. Mpira muonyeshe, mwache apige picha, lakini usimpe auchukue bila kukusainia kwamba ameupokea. Na muulize pale pale doa la kushoto lina uhusiano gani na sakafu ya chumbani, jibu lake uliandike na saa.

Fundi Bomba

Nimefurahi dada. Sasa nisikilize la mbele. Mipira yote ya nyumba hiyo, ya choo, ya sinki la kunawia, ya mashine ya kufulia, iliwekwa siku moja na huo uliopasuka, sivyo? Basi ibadilishe yote. Mipya uiandikie tarehe kwa kalamu isiyofutika, na ya mashine ya kufulia usiivushe miaka 5. Nati ikaze kwa mkono kisha robo tu ya mzunguko kwa spana, maana ukiilazimisha inapata ufa usioonekana. Dawa za kusafishia zitoke humo kabatini.

Mara moja kwa mwezi fanya hivi: funga mabomba yote kabla ya kulala, andika namba ya mita, asubuhi kabla mtu hajatumia maji isome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja. Nimewahi kukuta choo kinapitisha maji kimyakimya hivyo. Tulitia rangi ya chakula kwenye tangi, baada ya dakika 15 bakuli likawa jekundu na hakuna aliyevuta maji.

Na koki kuu umeshaijua?

Mama Wawili

Nimeijua, iko nyuma ya kabati la viatu. Nimejaribu kuifunga jana, imegoma kabisa, haisogei hata kidogo.

Fundi Bomba

Usiilazimishe kwa spana, shina likikatika utakuwa na mafuriko ya pili. Tia mafuta ya kulainisha kwenye shina lake, iache usiku mmoja, kesho izungushe kidogo mbele kidogo nyuma. Ikigoma tena, tufunge kwenye mita tuibadilishe kabla ya Alhamisi. Na viatu vitafutiwe kabati lingine.