Tuigizie wapi huku Githurai na Ruiru?

Mama Wema, Githurai 45

Hamjambo wenzangu. Nina kikundi cha vijana 12 wa mtaa. Kila Jumamosi tunafanya mazoezi kwenye darasa la chekechea: tunatoa madawati nje, tunaigiza, tunayarudisha kabla giza halijaingia. Mchezo wetu uko tayari, Kiswahili kitupu, unamhusu nyanya anayekataa kuuza kishamba chake cha kahawa kijengwe fleti.

Mwezi jana niliwapeleka Kenya National Theatre, Nairobi mjini. Mchezo ukaisha saa tatu unusu usiku, na nauli ya kurudi ilikuwa imepanda maradufu. Msichana wetu wa miaka 16 ilibidi atoke kabla ya mwisho, mamake anampigia simu. Alitoka kinyumenyume, macho yakiwa jukwaani, hadi mlango ukamfungikia. Niliumia sana.

Ukumbi ule umekuwepo tangu 1952 na ninaupenda. Lakini watu ninaotaka watuone wako huku: mama mboga, wa boda, walimu. Mjini hawatafika. Kuna ukumbi wowote upande huu wa Thika Road tunaoweza kuumudu?

Mzee wa Limuru

Binti yangu, kaunti yetu hii ya Kiambu ilishawahi kuwa na ukumbi wake. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu walijijengea ukumbi wa wazi, usio na paa, wakaigiza kwa Kigikuyu mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Walioigiza walikuwa wafanyakazi na wakulima, na watu walijaa. Serikali ikaupiga marufuku mchezo huo mwaka huohuo, na mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe. Usiambiwe kwamba watu wa huku hawapendi maigizo.

Mkaazi wa Makadara

Dada, sisi huku Eastlands tuna kumbi za mitaa, Kaloleni na Makadara, ila kwenu ni mbali. Andikieni kaunti barua. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti shughuli za utamaduni na vifaa vyake. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, nakala mbaki nayo.

Fundi wa Taa

Mama Wema, barua iandike, lakini usiisubiri. Tafuta ukuta. Sauti isiyo na ukuta nyuma yake hupotelea hewani, mtoto akapiga kelele mpaka koo likauka. Anzeni saa tisa alasiri, watazamaji wakae wakielekea mashariki. Jua litakuwa mgongoni mwao na litawaangaza waigizaji bila gharama ya taa. Na saa kumi na moja kila mtu yuko kwake.

Mama Wema, Githurai 45

Mzee wangu, nimewasomea vijana maneno yako, wakanyamaza kimya. Ndugu wa Makadara, barua ninaipeleka Jumatatu.

Fundi, leo nimeenda kuangalia. Nyuma ya jiko la shule kuna ukuta wa mawe, na uwanja ulio mbele yake unatazama upande ule uliosema. Nilimsimamisha yule msichana pale, nikatembea hadi langoni, hatua 42. Akasema maneno ya nyanya, yale ya kukataa hela, kwa sauti yake ya kawaida. Niliyasikia yote. Muuza maji akasimamisha mkokoteni wake akasikiliza pia, akaniuliza onyesho ni lini. Nimemwambia Jumapili ijayo, saa tisa, aje na kiti chake.