Jointi ya slabu ya maegesho: silanti mara 3, bado inavuja

Msimamizi wa jengo
Wakuu, habari zenu. Nasimamia jengo la maegesho la ghorofa 4. Juu kabisa, kati ya slabu mbili (sakafu za zege), kuna jointi ya kutanukia, yaani mwanya ulioachwa ili zege lipate nafasi ya kutanuka, yenye upana wa milimita 20. Ndani ya miaka 2 imejazwa silanti (dawa ya mpira ya kuziba mianya) mara 3. Kila mara inatulia miezi michache, kisha inabanduka ukingo mmoja na maji yanachuruzikia magari ya chini. Sasa zege la chini linameguka na nondo zenye kutu zinaonekana. Fundi anasema silanti ilikuwa feki, tununue ya bei kubwa. Roho yangu inakataa. Shida ni nini hasa?

Fundi wa kuzuia maji
Pole sana ndugu. Kabla ya kununua, niambie mambo mawili: walijaza saa ngapi, na chini ya silanti kuna nini?

Zege hutanuka takriban milimita 0.01 kwa kila mita moja, kwa kila nyuzi 1 ya joto. Kama ni mita 40 za slabu zinazosukumia hapo, joto likibadilika nyuzi 25, mwanya unacheza milimita 10. Hiyo ni nusu ya upana wako. Ukijaza juani, mwanya umebana, kwa hiyo mchezo wote unaobaki ni wa kuvuta, na silanti nyingi huhimili robo tu ya upana.

Msimamizi wa jengo
Nimefukua kipande leo. Silanti ina kina cha sentimita 5, chini yake mchanga na saruji. Na walijaza saa 7 mchana, nilikuwepo.

Fundi wa kuzuia maji
Basi jibu umelifukua mwenyewe. Silanti ishike kuta mbili tu. Ikishika na chini, haina pa kunyumbuka, itachanika. Ndiyo maana tunatanguliza kamba ya sponji chini yake ili isishike huko, na kina kinakuwa kama nusu ya upana. Huo mchanga na saruji utoeni wote, maana slabu zikitanuka zinasukumana kupitia hapo na kingo zinapasuka.

Kwa sehemu inayopita magurudumu, mimi singerudia silanti. Ningeweka mkanda wa mpira wenye mabawa: kingo zinakatwa ngazi pande zote mbili, mabawa yanalazwa humo, yanafunikwa kwa mota ya polima (lipu ngumu yenye gundi ya plastiki). Lakini nondo kwanza! Mwite injinia azikague kabla hamjafunika chochote.

Na mkanda usiishie ukutani. Upandishwe kwenye ukuta wa pembeni bila kukatwa kwenye kona. Kazi nyingi nilizoitwa kurekebisha zilivuja palepale.

Mchangiaji mwingine
Nyongeza kwa wenye uwanja wa vigae juu ya basementi: kuziba mwanya wa vigae hakusaidii. Maji hupita chini ya vigae, kwa hiyo jointi izibwe kwenye slabu na iungane na utando wa kuzuia maji. Sisi tulihangaika na doa moja la dari, kumbe maji yaliingilia mita 6 kutoka pale.

Msimamizi wa jengo
Asanteni sana. Nimeshazuia magari chini ya hapo. Tutajuaje kazi imeshika?

Fundi wa kuzuia maji
Zuieni maji juu ya jointi saa 24, pamoja na kwenye kona, mtu akae chini na tochi. Kabla ya kulipa salio.