Mjadala: Uso wa mtoto ni wa nani? Kuhusu kutupia picha za watoto mtandaoni

Shangazi wa Tanga

Wapendwa, naleta jambo ambalo limenikaa kooni tangu likizo ya Desemba. Naomba tulijadili bila kuoneana haya.

Mtoto wa kaka yangu alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, mama yake, wifi yangu, alimpiga picha akiwa mkekani. Uji umemtapakaa hadi kwenye nyusi, kijiko kimemponyoka, analia mdomo wazi. Sote tulicheka kwa mapenzi. Wifi akaitupia Facebook bila kuifungia, yeyote aione. Baada ya miezi kadhaa ikanirudia kupitia grupu letu la kikoba, imekatwa pembeni, imekuwa stika, na chini imeandikwa "Mshahara umeisha tarehe 3". Aliyeituma hamjui mtoto wala mama yake. Nami, Mungu anisamehe, niliihifadhi nikaituma kwingine. Niliona fahari kwamba mtoto wetu anajulikana.

Sasa yuko darasa la tatu. Mwenzake mmoja aliiona stika ile kwenye simu ya baba yake, akamtambua kwa baka la kuzaliwa lililo juu ya jicho. Tangu siku hiyo jina lake shuleni ni Mshahara. Uwanjani wanaita, "Mpasie Mshahara!" Desemba alikuja kukaa kwangu. Jioni moja tunachagua mchele kwenye ungo, akaniuliza taratibu, macho yako kwenye mchele: "Shangazi, ile picha inafutwaje?"

Sikuwa na jibu. Wifi alishaifuta kwenye ukurasa wake zamani, lakini stika iko kwenye simu za watu ambao hatutawajua maisha yetu.

Msimamo wangu nauweka wazi. Uso wa mtoto ni amana. Mzazi ameshikishwa tu mpaka mwenyewe aweze kusema nataka au sitaki. Picha ya mtoto isitoke nje ya watu unaowajua kwa jina na kwa namba zao za simu, na sheria iwe na neno hapo. Ufaransa wamefika huko: sheria yao ya Februari 2024 inasema wazazi wote wawili wanalinda kwa pamoja haki ya mtoto juu ya picha yake, mtoto ashirikishwe kulingana na umri wake, na wazazi wasipoelewana jaji anaweza kumzuia mmoja asiweke picha bila ridhaa ya mwenzake. Kwa nini sisi tusiwe na kitu kama hicho?

Baba Wanne, Mwanza

Dada, pole sana na yaliyomfika kijana. Lakini nakupinga, tena kwa nguvu.

Nyumba zetu zilikuwa na albamu sebuleni. Mgeni akifika, kabla hata chai haijaiva, anapewa albamu apekue. Watoto wa kila rika waliona picha zetu tukiwa uchi kwenye beseni na hatukufa. Leo albamu ni simu. Wanangu wakifaulu, wakitahiriwa, wakipata kipaimara, nataka ukoo wote ufurahi nami. Unaniambia niwafiche kama vitu vya wizi?

Na hiyo sheria ya Ufaransa, hapa atakayeisimamia ni nani? Polisi wetu wana kesi za ubakaji na mauaji zinazosubiri upelelezi. Mtakachopata ni mume na mke waliogombana kukomoana mahakamani kwa kisingizio cha picha. Elimisheni watu, inatosha. Serikali isiingie hadi chumbani kwangu.

Niko Muscat

Mimi nafanya kazi za ndani huku Oman, mwaka wa tatu sasa. Mwanangu nilimwacha na miezi kumi na moja. Hatua yake ya kwanza niliiona kwenye simu saa saba usiku, nimejifunika blanketi ili mwanga usiwaamshe wenye nyumba. Neno lake la kwanza, kwenye simu. Mkinitungia sheria ya picha, mimi mtoto wangu namjulia wapi? Watu wanaokaa na watoto wao wasisahau sisi tusiokaa nao.

Shangazi wa Tanga

Mdogo wangu wa Muscat, hakuna atakayekunyang'anya hiyo simu usiku. Wewe ni mama yake. Picha ikitoka kwa dada yako ikaingia kwako, imefika kwa mwenyewe. Ninachouliza ni hiki: dada yako akiituma kwako, na tena akaiweka hadharani yenye jina la mtoto, jina la shule na "mama yake yuko Arabuni", hiyo ya pili inakusaidia nini wewe? Mtu mwenye nia mbaya akisoma hapo ameshajua kwamba mtoto huyu halindwi na mama.

Baba Wanne, albamu uliyoitaja mgeni aliipekua akairudisha mezani, hakuondoka nayo. Na mama yako aliijua sura ya kila aliyeishika.

Mwalimu wa Kiambu

Hamjambo nyote. Nafundisha shule ya msingi ya binafsi huku Kenya, na nimeona jambo hili likibadilika mbele ya macho yangu.

Zamani kila tamasha, kila safari ya wanafunzi, kila siku ya michezo ilikuwa ni kupiga picha na kuziweka kwenye ukurasa wa shule. Ndiyo yalikuwa matangazo yetu: mzazi anaona watoto nadhifu wanatabasamu, analeta wake. Halafu Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data akaitoza faini shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wiki hiyo hiyo mkurugenzi wetu alituita ofisini. Tulikaa siku mbili tukifuta picha. Sasa mtoto akisajiliwa, mzazi hutia saini fomu ya idhini, na wanaokataa ni wengi kuliko nilivyotarajia.

Faini hiyo ina msingi. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi, na pia kinataka jambo lenyewe liwe la manufaa ya mtoto. Sharti hilo la pili watu hulipita. Lakini sheria hiyo hiyo inaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake. Kwa hivyo shule ikiweka picha ya mtoto bila ruhusa inatozwa mamilioni, na mzazi akiweka picha ya mtoto huyo huyo kwenye beseni, sheria inanyamaza. Mimi sijui kama sheria ndiyo dawa. Najua tu kwamba pale ilipofika, watu wameacha.

Fundi Simu, Kariakoo

Niseme kidogo kwa upande wa ufundi, kwa sababu watu wanaogopa kitu kimoja na kuacha kingine.

Ni kweli kamera ya simu inaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Lakini WhatsApp huondoa maandishi hayo ukituma picha kwa njia ya kawaida, na Facebook na Instagram hazimwonyeshi mtazamaji. Ukiituma kama dokumenti, basi imeenda na kila kitu. Hiyo ni rahisi: ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima kipengele cha mahali (location).

Kinachowaumiza wengi ni vile vinavyoonekana kwa macho. Juzi mteja aliniletea simu niibadilishie kioo, na picha aliyoweka mbele ni ya binti yake siku ya kwanza ya chekechea. Nikaitazama kama mtu mbaya angeitazama. Sare yenye nembo. Jina limeshonwa kwenye begi. Nyuma, ukuta wa duka wenye jina la mtaa. Nilipomwambia niliyoyaona kwa kuangalia tu, alikaa kwenye benchi. Picha hiyo hiyo ilikuwa stetasi tangu asubuhi, na ana namba zaidi ya mia tisa kwenye simu yake, wakiwemo madalali, bodaboda na wateja wa vitenge. WhatsApp ina sehemu ya kuchagua nani aone stetasi. Hakuijua.

La pili ni hizi programu za akili bandia. Juni 2024 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba kwenye hazina ya picha iitwayo LAION-5B, iliyotumika kufundishia programu hizo, lilikuta picha 170 za watoto wa Brazil kutoka majimbo yasiyopungua 10. Walikagua sehemu ndogo sana ya hazina yenyewe. Baadhi ni picha ambazo wazazi waliziweka mahali ambapo watu wachache tu walipita kuziona. Hakuna aliyewadukua. Zilikuwa wazi, zikachotwa. Na programu za kumvua mtu nguo kwenye picha zipo, hazihitaji ufundi, na hazibagui umri.

Bi Mkubwa wa Wete

Sisi Pemba mtoto hatolewi nje mpaka arobaini. Akitoka ana wanja, amefunikwa. Watu wakisema ushamba, tukiwaambia husuda ipo. Siku hizi mtoto hajakatwa kitovu picha imeshafika Ulaya. Basi mimi sina la sheria, nasema wazee wenu hawakuwa wajinga.

Baba Mgonjwa

Nimesoma yote nikasita kuandika.

Mwanangu alizaliwa na tundu kwenye moyo. Tulipoambiwa gharama za operesheni, nilikuwa nimeshauza pikipiki. Rafiki akanishauri nimpige picha kitandani, na mipira puani, niandike na namba ya simu ya mchango. Nilijificha chooni nikalia kabla ya kuituma. Ndani ya siku tisa tulipata pesa, na nyingi zilitoka kwa watu nisiowajua. Mtoto yupo hai kwa sababu ya picha ile. Mtu asiniambie nisingeiweka.

Lakini siku ya nne tu picha hiyo hiyo ilikuwa inazunguka na namba nyingine, jina jingine. Nikaripoti, ikafutwa, ikarudi. Mwaka jana, mtoto ameshapona na anaendesha baiskeli, mama yangu akapigiwa simu kijijini na jamaa akimpa pole ya msiba. Kuna mtu alikuwa ameandika kwamba mtoto amefariki na zinatakiwa za kusafirisha mwili. Mama alianguka. Mpaka leo mwanangu anaombewa pesa na watu ambao hata hawajui ni mzima.

Kwa hiyo Shangazi, sheria yako ingenifanya nini? Ingenizuia?

Shangazi wa Tanga

Kaka yangu, nimesoma maneno yako mara tatu.

Isingekuzuia, na mtu akileta sheria itakayokuzuia nitaipinga mimi wa kwanza. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ibara ya 10, unampa mtoto haki ya faragha na hapo hapo unamwachia mzazi usimamizi wa busara. Wewe ulitumia busara: uhai dhidi ya faragha, ukachagua uhai. Hapo nakubali niliandika kwa ukali mno. Niliposema picha isitoke nje ya watu unaowajua, sikukufikiria wewe.

Ila angalia ulichopoteza, na ni nani aliyekiiba. Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Mimi ningetaka picha kama ya mwanao iwe na njia ya haraka: mzazi akisema mtoto amepona, ondoeni, wenye mitandao waiondoe kila ilipo na kuizuia isipande tena. Tena kuna namna ya kuchangisha bila uso. Mkono wenye sindano, barua ya hospitali, mtu wa kuthibitisha. Najua uso ndio unaotoa pesa mfukoni. Hilo ni deni letu sisi tunaochangia, kwamba hatusikii maumivu ya mtoto mpaka tuyaone machoni mwake.

Na kwa wengi wetu hakukuwa na mgonjwa wala mama aliye mbali. Tulitaka tu watu waseme "mashallah, amekua". Kamishna wa Watoto wa Uingereza alieleza mwaka 2018 kwamba mtoto wa huko akifika miaka 13, wazazi wake wameshaweka mtandaoni picha na video zake kama 1,300. Ngapi kati ya hizo ziliokoa maisha? Kwa wifi yangu haikuwepo hata moja, na kwangu pia.

Niko Muscat

Shangazi, nimempigia dada yangu. Nimemwambia za kwangu anitumie mimi, zile za Facebook afute. Amenuna. Anasema nimeambukizwa uarabu. Lakini ameanza kufuta.

Baba Wanne, Mwanza

Bado siitaki sheria ndani ya nyumba yangu, hapo hatutaelewana. Hiyo ya kulazimisha mitandao iondoe picha ya mtoto mzazi akiomba, sawa, nitaiunga mkono hata kesho.

Lakini nina jambo jingine. Nimekwenda kutazama stika zangu. Mtoto mkekani, uji usoni, "Mshahara umeisha tarehe 3". Ninayo, Dada. Ina baka juu ya jicho, sikuwahi kuliona. Niliituma Ijumaa kwenye grupu la kazini. Ya kwangu nimeifuta, ile ya grupu muda wa kuifuta kwa wote umepita. Nimeandika pale kwamba huyo ni mtoto wa watu, ana jina, yuko darasa la tatu, kila aliyenayo aitoe. Wawili wamejibu wameitoa. Wengine wamesoma tu.

Mwambie kijana.