MREJESHO: Nilivyofuatilia wanachosema wateja kuhusu achari yangu

Wakuu, salaam. Niliuliza nitajuaje watu wanasema nini mtandaoni kuhusu achari yangu, maana oda za Dar zilishuka huku Tanga wakinunua kama kawaida.

Google Alerts, ile huduma ya bure inayokutumia barua pepe jina lako likitajwa, nimeiweka. Kwa biashara ndogo haisaidii sana: inaleta ya kwenye tovuti, magrupu ya WhatsApp haiyafikii kabisa. Kilicholipa ni ushauri wa aliyesema nitafute jina likiwa limekosewa. Watu wanaandika l penye r, na hawanitagi! Huko TikTok nikamkuta dada kashika chupa yangu, mafuta yamechuruzika mpaka kwenye mkoba: "Achari tamu, kifuniko balaa." Chini yake wenzake wa Dar wanaitikia. Kumbe mzigo ukienda na basi, chupa zinalazwa.

Nikamjibu palepale hadharani, nikamtumia nyingine. Sasa naziba mdomo wa chupa kwa foili kabla ya kifuniko. Oda zinarudi, ingawa duka moja la Kariakoo bado limeninunia. Wengine wanaulizia ya embe isiyo na pilipili, ya watoto. Hiyo naijaribu wiki hii.