Tumbaku ilivyotulea ikatuacha: watu wa Malakisi, Kuria na kwingine tupeane uzoefu

Wadau habari zenu. Kuna historia nimesoma imenikaa moyoni, ya Nestor Gianaclis, Mgiriki aliyefika Misri 1864 akafungua kiwanda cha sigara Suez, 1871 akahamia Cairo kwenye jumba la Khairy Pasha. Na Misri wala haikuwa ya tumbaku, 1890 serikali ikapiga marufuku kuilima kabisa, jani likawa linatoka Uturuki na Ugiriki lakini sigara inaitwa ya Misri. Jeshi la Waingereza lilipoingia 1882 maofisa wakaizoea wakarudi nayo kwao, soko likafunguka London, Ujerumani mpaka Marekani. Ata Camel, sigara ya Kimarekani ya 1913, ilibeba ngamia na piramidi juu ya sifa ya hizo sigara.

Kilichoniuma ni wasokotaji. Walikuwa mafundi wa mkono, wengi Wagiriki pia, Desemba 1899 wakagoma mpaka wakaongezwa pesa. Baadaye mashine zikaja, alafu baada ya vita vya kwanza wavutaji wa Ulaya wakahamia tumbaku ya Virginia, biashara ya Cairo ikashuka. Gianaclis yeye alikuwa ashapanda mizabibu, divai yenye jina lake iko hadi leo, na lile jumba likaja kuwa chuo, American University ya Cairo. Mwenye mtaji alikuwa na pa kurukia. Yule aliyejua kusokota tu alienda wapi?

Sasa yetu. BAT, kampuni ya sigara ya Waingereza, ilifika Mombasa 1907, na kilimo cha mkataba kikaanza huku kwetu Kenya miaka ya 70, kwa hivyo wazee wengi humu wanaijua hii hadithi kwa mikono yao. Naanza mimi, wa Malakisi. Kwetu ilikuwa ile ya kukaushwa kwa moshi, moto unawashwa chini kwenye sakafu ya bani, yaani nyumba ya kukaushia, majani yananing'inia juu kwenye vijiti, na mtu analala hapo hapo usiku manake moto ukipanda ghafla bani yote inaungua na deni la mbolea linabaki pale pale. Mzee alisomesha wanne na hiyo kitu, siwezi kuitukana. Lakini siku ya kuuza karani anashika jani sekunde mbili anataja gredi, ukibisha unarudi na mzigo wako, na nani mwingine atanunua? Kampuni ilipopunguza wakulima, hakuna aliyekuja kutuuliza mabani tutayafanyia nini.

Nyakati wa Kuria: Mkuu umenigusa. Mimi niongee ya akina mama na watoto, hiyo watu hawaisemi. Tulikuwa tunavuna asubuhi umande bado uko kwenye majani, nguo zinalowa, ikifika saa tano kichwa kinazunguka unatapika mpaka unalala kwa mtaro. Tulikuwa tunaambiwa ni jua. Ni nikotini inapita kwa ngozi, nilikuja kujua nikiwa mtu mzima. Na ule utomvu mweusi wa vidole hautoki na sabuni, unakula ugali una uchungu. Pesa ikitoka inaenda kwa jina la baba, mama aliyefunga majani na uzi usiku kucha hana ata sahihi kwa karatasi.

Kipkoi Nakuru: Sisi sio tumbaku lakini ni ndugu moja. Pareto, yale maua ya kutengeneza dawa ya wadudu, ililetwa na walowezi miaka ya 1920, Kenya ikaja kuongoza dunia. Shosh alikuwa anachuma maua kila wiki, mwisho malipo yakaanza kuchelewa miezi, ikawa miaka, akang'oa yote akapanda viazi. Alikufa akidai.

Mwalimu Busia: Mimi nasema kuni. Kilima cha nyuma ya kwetu kilikuwa na miti ya kienyeji, leo ni blugamu na mawe. Kila msimu bani inakula miti, na hesabu ya faida ya mkulima haikuwahi kuweka bei ya ule mti wala ya mtoto aliyekosa shule wiki ya kukausha. Ukiviweka vyote kwa karatasi sioni faida ilikuwa wapi, na nimejaribu kuipiga hiyo hesabu na wazee wa kwetu wenyewe.

Mama Suna: Huku Migori kuna mradi wa mashirika ya UN, WHO ya afya, FAO ya kilimo na WFP ya chakula, wa kutoa watu kwa tumbaku waende maharagwe yenye madini ya chuma. Jirani yangu aliingia, ameacha bani, ile nyumba saa hii anafugia kuku. Shida ni soko msimu ukiwa mzuri kwa wote, brokas wanashusha bei. Aliyelima Nyota, aina ya hayo maharagwe, mvua za vuli atuambie alivuna gunia ngapi kwa ekari na aliuzia nani.