Kuku wamevimba macho na puani wananuka, ni kideri au kitu kingine? (Mwanza)

mama_buhongwa
Habari za saa hizi wadau. Niko Buhongwa hapa Mwanza, nafuga kuku wa nyuma ya nyumba tu, kienyeji na kroila wachache, wengi ni matetea wanaotaga. Tangu juzi naona baadhi wamezubaa, asubuhi nikifungua banda wenzao wanakimbilia pumba wao wanabaki pembeni wamejikunyata manyoya yamesimama, mmoja jicho limevimba mpaka limefumba na puani yanamtoka makamasi. Mayai nayo yamepungua. Jirani anasema ni kideri niuze wote fasta kabla hawajaisha, mwingine anasema nifungue vidonge vya tetrasaiklini vya watu niwatilie kwenye maji. Sijagusa kitu bado. Naombeni msaada jamani naanzia wapi?

igoma_kwetu
Pole sana mama. Hicho ni kideri hicho, kikiingia hakiulizi, kwetu kilipita mtaa mzima watu wakabaki na mabanda matupu. Wahi mnadani, au chinja ule.

duka_la_mifugo_kisesa
Igoma kwetu usimtishe mama wa watu bwana, na hayo ya kuwahi mnadani ndo yanayotumalizia kuku kanda nzima hii, mtu anapeleka kuku mgonjwa sokoni mwenzake ananunua anaenda kuchanganya na wake, wiki ijayo kijiji kingine kinalia.

Mama, nauza dawa za mifugo na kila siku watu wanaingia na neno moja tu, kideri, kumbe nusu yao kuku ana minyoo. Kabla ya dawa naomba unijibu haya. Kinyesi kikoje, cha kijani? Kuna aliyepinda shingo, anayezunguka zunguka, au aliyelegea mabawa na miguu? Kuna waliokufa ghafla? Ukimshika huyo wa jicho ukanusa karibu na pua, kuna harufu? Na kuna kuku mgeni ameingia hapo karibuni?

Wakati unaangalia, watoe wagonjwa wote uwaweke mbali kabisa, na chombo chao cha maji, sio kile kile. Wazima uwahudumie kwanza, wagonjwa mwisho, alafu unanawa na kubadili ndala. Hilo halisubiri majibu.

mama_buhongwa
Asante kaka. Nimewatenga stoo. Kinyesi ni cha kawaida kidogo kimelegea, kijani hapana. Shingo hazijapinda, hajafa hata mmoja. Harufu ipo, tena mbaya, kama kitu kimeoza. Mgeni ni jogoo tuliyeletewa na shemeji kutoka Sengerema, naye alikuwa anapiga chafya nikajua ni vumbi la njiani.

duka_la_mifugo_kisesa
Hapo sasa tunaongea. Uso kuvimba, makamasi yenye harufu, mayai kushuka na vifo hakuna, hayo yanaelekea zaidi kwenye mafua ya kuku. Yale ni ya bakteria, yanasambaa sana kwa maji ya kunywa maana kila mmoja anatumbukiza pua pale pale. Kideri ni kirusi, kinakuja na kuhema kwa shida mdomo wazi, kuhara kijani, kupooza, shingo kupinda, na kwa kuku wasiochanjwa kinaweza kufyeka karibu banda zima ndani ya siku chache. Ila kwa macho ya mtandaoni siwezi kuapa, mwanzoni magonjwa haya yanafanana, tena yanaweza kuja mawili kwa pamoja, kwa hiyo muite afisa mifugo wa kata amuone. Akifa mmoja usimtupe, maabara ya TVLA, ile ya serikali ya kupima magonjwa ya mifugo, hapa hapa Mwanza wanapima, mpeleke akiwa bado hajaoza, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.

Vidonge vya watu achana navyo. Dozi hujui, na kama ni kirusi hata umwage debe havitibu. Afisa akithibitisha mafua kuna dawa za mifugo zenye tailosini au doksisaiklini, unafuata kipimo cha kwenye paketi na unamaliza siku zote hata wakichangamka mapema. Macho unayasafisha na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Na banda lipate hewa, ile harufu ya mkojo inayochoma macho ukiingia asubuhi inawaumiza kifua kuliko huo upepo wa ziwa mnaouzibia kwa maturubai.

nyegezi_mlezi
Naongezea kwa kifupi. Chanjo ya kideri ile ya matone ni tone moja jichoni kwa kila kuku mkubwa kwa mdogo, unarudia kila miezi 3 hadi 4, ila wanachanjwa wazima tu, mgonjwa haimsaidii. Kichupa kina dozi nyingi kuliko kuku wa mtu mmoja, changisheni majirani mchanje siku moja. Pia dagaa wa kulishia kuku mnaochukua mwaloni Kirumba kama wana unyevu msiwahifadhi kwenye gunia, wakiota ukungu ni sumu.

Na wote wa kando ya ziwa, mkiona vifo vingi kwa mpigo au ndege wa ziwani wamekufa ufukweni msiokote, toeni taarifa. Januari 2017 wenzetu Uganda upande wa Entebbe ilianza hivyo hivyo, ndege pori wamekufa, vipimo vikaonyesha mafua makali ya ndege.

igoma_kwetu
Sawa nimeelewa wakuu. Mi hata kunusa pua ya kuku sikuwahi kuwaza.

mama_buhongwa
Afisa amekuja jamani, amesema mafua kweli, ametuandikia dawa na wameanza kula. Sasa mayai tunakula au hatuli? Na huyu jogoo ameacha chafya, anawika stoo usiku mzima, nimrudishe kwa wenzake?

duka_la_mifugo_kisesa
Mayai soma kwenye paketi pameandikwa siku za kusubiri baada ya dozi ya mwisho, mpaka ziishe usile usiuze wala usimpe jirani. Paketi nyingine zinakataza kabisa kwa kuku wa mayai, muulize afisa kabla hujaendelea. Hata nyama ina siku zake. Jogoo hapana mama, aliyepona mafua anaweza kubaki na vimelea akawaambukiza wageni kila ukiingiza kuku wapya. Huyo akimaliza siku za dawa ni wa sufuria.

mama_buhongwa
😂😂 Shemeji anakuja Jumapili, atamla mwenyewe.

duka_la_mifugo_kisesa
Jumapili bado ana dawa huyo. Mpe shemeji sato.