Mjadala: Je, raia waendelee kupita na malori ya vita katika kumbukumbu za Normandy?

Mkaazi wa Caen
Kila mwaka inapokaribia tarehe 6 Juni, siku majeshi ya Marekani, Uingereza na wenzao yalipotua hapa Normandy, Ufaransa, mwaka 1944 kupigana na Wajerumani, barabara za huku kwetu kati ya Sainte-Mère-Église na Arromanches hujaa malori ya GMC na magari ya Jeep yanayomilikiwa na raia kutoka Uingereza, Uholanzi, Ubelgiji na hapa hapa Ufaransa. Wenyewe huyakarabati kwa fedha zao, huyapaka kijani cha jeshi la Marekani na nyota nyeupe, na wengi huketi nyuma ya usukani wakiwa wamevaa sare za mwaka 1944. Wapo majirani zangu wanaosema kwamba bila watu hawa vijana wasingejua vita ile ilikwendaje, na wapo wanaosema kwamba penye makaburi ya askari hapafai maonyesho ya magari. Naomba tujadili swali hilo moja tu: misafara hii iruhusiwe au isiruhusiwe? Kwa maoni yangu malori yapite, ila sare zibaki sandukuni.

Mwalimu wa Kigoma
Mtu aliyezaliwa baada ya vita kwisha, akavaa kofia ya chuma na kupiga honi mbele ya makaburi, hafanyi kumbukumbu, anafanya maigizo. Kwetu Tanzania mjadala huu usingekuwapo, kwa kuwa raia haruhusiwi hata shati la mabaka. Mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku saba watu wasalimishe sare na mavazi yanayofanana nazo, wala sikumsikia mtu akilalamika kwamba historia imepotea.

Mwenye GMC, Liège
Mwalimu, maigizo hayamtoi mtu malengelenge mikononi. Lori langu ni GMC ya magurudumu kumi, yote yakivuta, yenye injini ya petroli ya silinda sita na ujazo wa takriban lita 4.4. Nililinunua likiwa limeota kutu hadi chini ya viti, mbao za bodi zimeoza, na kabureta imeganda. Rimu zake ni za vipande, na asiyejua akizifungua kabla ya kutoa upepo wote, kipande kimoja kinaweza kumuua papo hapo. Nimejifunza hayo kwa wazee wa kazi hii, si kwa kusoma hotuba. Leo lori ni la asili kabisa, lilivyotoka kiwandani Pontiac, Michigan, na watoto wanapanda nyuma wakiuliza maswali ambayo hakuna darasa lililowahi kuyaibua. Hayo unayaita maigizo?

Fundi Spana, Mombasa
Kaka wa Liège, hongera kwa kazi, lakini hapo kwenye "asili kabisa" ningependa tuelewane. Ulilinunua wapi? Kama lilitoka katika akiba ya jeshi la Ufaransa, basi jeshi hilo liliendelea kutumia GMC kwa miongo kadhaa baada ya vita, na karakana yake ya La Maltournée, karibu na Paris, iliyafumua na kuyaunda upya kwa wingi. Lori likiingia humo lilitoka na chesisi yake, injini ya jingine na ekseli za la tatu. Si aibu hata kidogo, maana ndivyo gari la kazi linavyoishi, ila usimwambie fundi kwamba ni la asili.

Msomaji wa Marseille
Fundi amegusa jambo kubwa kuliko alivyokusudia. Ikiwa malori haya yalibaki mikononi mwa jeshi la Ufaransa, basi mengi yake yaliishi Normandy kwa miezi michache, kama yaliwahi kufika huko, kisha yakaenda kufanya kazi katika vita vya kikoloni vya Ufaransa, Indochina (Vietnam na jirani zake) hadi 1954 na Algeria tangu 1954 hadi 1962. Lori lile lile linalorushiwa maua leo kwa sababu ya ukombozi lilibeba askari waliokwenda kuwanyima wengine ukombozi wao. Mji wangu umejaa wazee waliozaliwa Algeria, na nadhani wanayo haki ya kuuliza kwa nini mkarabati, anapochagua mwaka wa kupaka rangi, daima huchagua 1944. Kwangu mimi suala si kuruhusu au kukataza misafara, bali ni mwaka gani unaoandikwa ubavuni mwa lori.

Mwenye GMC, Liège
Namba ya chesisi na bamba lililomo ndani ya kebini vinalingana, kwa hiyo Fundi atafute mahali pengine pa kuonyesha ujuzi wake. Nilinunua Ufaransa, ndiyo, kama wanavyonunua wengi. Na kabla hatujalifanya lori kuwa mhalifu, tukumbuke Red Ball Express, ile njia ya malori iliyolisha majeshi ya Marekani kwa mwaka mzima petroli, risasi na chakula, huku sehemu kubwa ya madereva wake wakiwa weusi.

Mwalimu wa Kigoma
Mwaka mzima? Red Ball Express ilianza tarehe 25 Agosti 1944 na kusitishwa tarehe 16 Novemba mwaka huo huo, yaani haikutimiza hata miezi mitatu. Ni kweli kwamba takriban robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi lililowatenga na wenzao weupe kwa kambi na kwa vikosi. Sasa nikuulize wewe mwenye misafara: katika maonyesho hayo, ni nani hasa unayemkuta nyuma ya usukani wa GMC?

Mwenye GMC, Liège
Utanikuta mimi, Mwalimu, mzaliwa wa Lubumbashi.

Mzee wa Nanyuki
Wanangu, mnabishana kuhusu Ufaransa kana kwamba vita havikupita kwetu. Marehemu baba yangu alikuwa dereva katika East African Army Service Corps, kikosi cha uchukuzi na ugavi cha jeshi la Waingereza. Majeshi yaliyotoka Kenya kupigana na Waitaliano yaliingia Mogadishu tarehe 25 Februari 1941 na Addis Ababa tarehe 6 Aprili, na mwendo wote huo uliwezekana kwa sababu ya malori, tena katika mchanga na matope. Sijaona hata moja kati ya yale likikarabatiwa na kuonyeshwa Nairobi wala Dar es Salaam. Tuna sanamu ya Askari tu, naye yuko kwa miguu. Isitoshe, malori ya enzi ile yalitaka mtu anayekanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, jambo ambalo kijana wa leo aliyezoea Fuso hataliweza hata mpaka kona ya kwanza.

Fundi Spana, Mombasa
Mzee wangu, shikamoo, lakini vijana wa Fuso usituonee. Anayeshusha mteremko wa Mtito Andei usiku akiwa na tani kumi nyuma hahitaji kufundishwa adabu ya gia. Na yale ya 1941 hayaonekani kwa sababu tuliyatumia mpaka yakaisha: injini zikasukuma mashine za kusaga, chesisi zikawa trela, vyuma vikawa majembe. Mkusanyaji wa Ulaya analo gari la kukarabati kwa kuwa kuna mtu aliyemudu kuliacha ghalani bila kulitumia.

Mkaazi wa Caen
Nawaomba tena turejee kwenye swali. Msafara uruhusiwe au usiruhusiwe?

Msomaji wa Marseille
Uruhusiwe, mradi lori moja kati ya kumi lipakwe lilivyokuwa mwaka 1957, na wenye msafara walipange mbele, wasilifiche mkiani. Kaka wa Liège amejibu kuhusu bamba na kuhusu kuzaliwa kwake, lakini kuhusu Algeria bado yuko kimya.

Fundi Spana, Mombasa
Kabla ya rangi ya mwaka wowote, mimi ningeuliza breki. GMC ina breki za mafuta zenye njia moja tu. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote kumi yanakosa breki kwa pamoja, na unabaki na breki ya mkono inayoshika shafti. Halafu tunaambiwa watoto wamepanda nyuma.

Mwenye GMC, Liège
Mabomba yote ni mapya, silinda kuu ni mpya, na mafuta ya breki hubadilishwa kila kabla ya msimu. Fundi akifika Liège namkaribisha chini ya lori na tochi yake mwenyewe. Kuhusu Algeria nitajibu, na nitajibu kwa urefu, siku Mwalimu atakapoliondoa neno "maigizo".

Mwalimu wa Kigoma
Nililisema kuhusu sare, wala sikulisema kuhusu lori. Vua sare kwanza.